Mafundi wa malori, acheni kutuuzia wota pampu kabla hamjatafuta maji yanavujia wapi!

Wakuu, salaam.

Leo naandika nikiwa na hasira, anayetaka lugha laini aruke uzi huu. Nina Fuso moja, ya kwangu, naendesha mwenyewe. Napandisha saruji kutoka Dar hadi Makambako, nashuka na mbao za Mafinga au viazi. Gari ikaanza kupunguza maji. Haikuwa kwa kasi ya kutisha: asubuhi unajaza rejeta, jioni unakuta yameshuka vidole viwili, na chini mbele ya injini, usawa wa wota pampu (ile pampu inayozungusha maji ya kupoza injini), pamelowa.

Nikaipeleka gereji Dar. Fundi mkuu hata kabini hakuinua. Akainama, akamulika na tochi ya simu, akanyanyuka anafuta mikono: "Bosi, wota pampu hiyo." Uchunguzi umekwisha! Hakuuliza maji yanapungua gari ikitembea au ikilala, hakugusa mpira hata mmoja, kifuniko cha rejeta hakukitazama.

Pampu wakaenda kununua wao, eti wanajua duka lenye orijino. Laki tatu na nusu, ufundi mbali. Nilipoulizia ile ya zamani nikajibiwa imeshatupwa. Imetupwa wapi? Dar hii, ambako hata msumari uliopinda una mnunuzi, pampu ya chuma inatupwa?

Maji yakaendelea kupungua kama kawaida. Nikarudi. Sasa wakasema gasketi haikukaa, wakapaka silikoni kuzunguka kama wanaziba dirisha la choo. Yakavuja. Nikarudi tena, ndipo yule yule aliyenunua pampu ananiambia, macho makavu, kwamba pampu ni feki, impela yake (panga la ndani linalosukuma maji) ni bati, tuweke nyingine. Wakuu, aliyeinunua ni nani? Nikalipa, kwa sababu mzigo ulishapakiwa na mwenye saruji anapiga simu kila saa.

Wasichoniambia ni kwamba safari hiyo waliitoa thamostati (kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto), na ndani ya rejeta wakamwaga binzari. Binzari ya mchuzi! Ili izibe.

Haya, nikapanda. Mikumi nimepita salama, Ruaha Mbuyuni nikasimama, nikaongeza maji, wale wa vitunguu wakanizunguka kama kawaida yao. Mnaoijua Kitonga mnajua: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na ukiwa na mzigo unapanda kwa gia ya chini injini inalia, upepo wa kuipoza haupo. Katikati ya kona geji ikapanda hadi kwenye nyekundu. Nikazima. Utingo akaruka na jiwe kwenye tairi la nyuma, mimi natupa majani barabarani, na nyuma yangu foleni ya masemi inaanza kupiga honi. Dereva wa basi mmoja alinitukana matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nikiwa shule. Nilikuwa namwelewa.

Tukasubiri ipoe, tukaongeza maji kidogo kidogo, tukajikokota hadi Ipogolo pale chini ya Iringa mjini.

Hapo ndipo nikakutana na kijana mmoja aliyesomea ufundi VETA. Nikamwambia nataka wota pampu. Akasema, "Mzee, ngoja kwanza tuone maji yanatokea wapi." Akakataa kugusa kitu mpaka injini ipoe kabisa, maana injini ikiwa ya moto tone dogo linakauka kabla hujaliona, na kufungua rejeta ya moto ni kutafuta kuungua uso. Akatoa kipampu cha mkono chenye geji, akakifunga mdomoni mwa rejeta, akajaza presha ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, hakuizidisha. (Kaangalieni vifuniko vyenu. Magari ya Kijapani mengi utakuta 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita mraba. Ukizidisha unapasua rejeta iliyokuwa nzima.) Mshale ukaanza kushuka polepole. Maana yake kuna mahali panavuja, na injini haijawashwa, hakuna feni ya kutapanya maji.

Hilo la feni nataka mlisikie vizuri. Feni ya injini inavuta hewa kupitia rejeta na kuitupa nyuma. Tone likidondoka mbele injini inazunguka, linapeperushwa, linatua kokote. Na hata gari ikiwa imesimama, maji hayadondoki pale yanapotokea, yanatambaa juu ya chuma mpaka yafike sehemu ya chini kabisa. Na mbele ya injini yangu, chini kabisa kabla ya hewa tupu ni wapi? Wota pampu. Kila kinachovuja juu yake kinaishia kwake: nyumba ya thamostati, mpira wa juu, baipasi (njia ya mkato ya maji yasiyopita kwenye rejeta), vyote.

Akafuta eneo zima kwa kitambaa mpaka likakauka, akapuliza poda ya mtoto, ile nyeupe ya dukani. Akaongeza presha. Tukakaa kimya tunatazama. Baada ya muda kidogo, kwenye poda ukajichora mstari mwembamba wa njano (asante binzari, angalau ulifaa kwa hilo), unaanzia kwenye mpira mfupi wa baipasi unaoshuka kutoka nyumba ya thamostati kuja kwenye pampu. Ulikuwa unatokea chini ya klipu, unazunguka nyuma ya mwili wa pampu, unaishia kwenye bolti ya chini na kuning'inia hapo. Klipu iliwahi kukazwa kupita kiasi, ikaukata mpira. Ukiwa baridi bila presha mpasuko unajifumba, ukipata presha unafunguka.

Mpira wenyewe una urefu wa kiganja. Pamoja na klipu mbili mpya, elfu kumi na tano. ELFU KUMI NA TANO!

Kisha akanionyesha kitu ambacho yule fundi mkuu wa Dar angekiona kwa dakika moja kama angetaka. Chini ya shingo ya pampu, kati ya sili ya maji na beringi, kuna kitundu kimewekwa makusudi na kiwanda. Sili ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Doa dogo siyo tatizo, ila ukiona yanadondoka, au kuna chumvi nyeupe au ya kijani imeganda kuanzia kwenye kitundu kushuka chini, hapo kweli pampu imekwisha. Shika puli uitikise, ikicheza au ikikwaruza, beringi nayo imekwenda. Kitundu cha kwangu kilikuwa kikavu. Na msimruhusu fundi akizibe kwa silikoni au skrubu. Wapo wanaofanya hivyo, nimeshawaona. Ukikiziba, maji yanahamia kwenye beringi na pampu inajishika ukiwa njiani.

Sasa turudi kwenye thamostati, maana hapa ndipo hasira yangu inapozidi. Huu usemi wa "Afrika kuna joto, thamostati ya nini" nani aliwafundisha? Injini ikiwa baridi thamostati inafunga njia ya rejeta, maji yanazunguka ndani kupitia baipasi. Ikifika nyuzi 80 na kitu inafungua njia ya rejeta, na kwenye injini nyingi za aina hii inaziba baipasi wakati huo huo. Ukiitoa, baipasi inakuwa wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona kitu zaidi ya dizeli kuliwa. Mlimani na mzigo, inachemsha. Walichonifanyia ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya ule walioshindwa kuutibu.

Jingine: mfumo unaovuja haushiki presha, na bila presha maji yanachemka mapema. Iringa mjini pana zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati kifuniko kizima cha 0.9 kingeyafikisha karibu 115 huko huko Iringa. Ndiyo maana tone unalolidharau ukiwa Ubungo linakuja kukulaza Kitonga.

Kijana akasafisha mfumo mpaka maji yakatoka masafi, akarudisha thamostati mpya, akajaza kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, akatoa hewa, akapima tena presha. Mshale ukasimama pale pale.

Gereji ya Dar nimeshawapigia. Nimewaambia nataka pampu yangu ya zamani, ile nzima, au pesa ya pampu zote mbili. Jibu: "Bosi, kazi si tulifanya?" Kazi gani? Mnalipwa kubahatisha?

NYONGEZA: Mnaouliza jina la gereji, sitaiweka hapa kwa sasa, suala liko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na risiti zote ninazo. Na mkuu uliyesema huenda ni silinda hedi (kichwa cha injini) inayovujisha maji kwa ndani, swali zuri, kijana alilicheki: rejeta wazi, injini inaunguruma, hakuna mapovu, na oili haijawa kama maziwa.

Mwenye kujua duka Dar linalouza kile kipimo cha presha chenye adapta ya mdomo wa Fuso aniwekee bei hapa. Nataka kikae kwenye kabini yangu, na fundi atakayetamka wota pampu kabla hajakifunga, gari inatoka gereji kwake na mimi ndani yake.