MJADALA: Namba za kujiongeza kwenye MySQL, hali ya 2 au turudi hali ya 1?

Mleta mada:
Wakuu, suala hili limeniharibia data, ndiyo maana nalileta. Tangu toleo la 8.0 la MySQL (programu ya hifadhidata), innodb_autoinc_lock_mode, yaani mpangilio unaoamua jinsi rekodi mpya zinavyogawiwa namba zinazojiongeza zenyewe, huja ikiwa 2. Kabla ya hapo ilikuwa 1. Msimamo wangu: hali ya 2 ni nzuri, lakini kwa mwenye logi ya ROW tu, yaani kumbukumbu ya mabadiliko inayosomwa na seva ya nakala, ikiwa inaandika kila rekodi iliyobadilika.

Chukua amri mbili za INSERT ... SELECT (zinazochota rekodi kwa SELECT, idadi yake haijulikani mapema) zinazomwaga rekodi kwenye jedwali moja kwa wakati mmoja. Katika hali ya 1, ya kwanza hushika kufuli la jedwali zima mpaka amri iishe (amri, si muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja; wengi hukosea hapo), na ya pili husubiri. Namba hutoka mfululizo. Katika hali ya 2 hakuna kusubiri, kila amri huchota namba kadiri inavyoendelea, kwa hiyo zinaingiliana.

Sasa logi ya STATEMENT huandika amri yenyewe na namba ya kwanza tu. Seva ya nakala huzirudia amri moja baada ya nyingine na kuhesabu mfululizo kuanzia hapo. Agizo namba 40 la seva kuu linakuwa la mteja mwingine kwenye nakala, na malipo yake yanaelekea huko huko. Namba zikigongana, nakala inasimama na unajua kuna tatizo. Zisipogongana, hujui kitu.

Seva niliyokabidhiwa ilipandishwa toleo huku faili la mipangilio likibaki na binlog_format=STATEMENT. Tuligundua kwenye ripoti, tumechelewa.

Mchangiaji:
Ndugu, mimi niko hali ya 1 na STATEMENT, na sihami. UPDATE moja inayogusa rekodi milioni, kwangu ni mstari mmoja kwenye logi. Kwa ROW ni rekodi milioni, kila moja kabla na baada ya badiliko. Halafu usiitishe watu: INSERT ya kawaida, ambayo idadi ya rekodi zake inajulikana mapema, haishiki kufuli hilo hata katika hali ya 1. Inachukua fungu lake na kuachia.

Mleta mada:
Hilo la INSERT ya kawaida ni kweli kabisa, mkuu. Ukubwa wa logi ya ROW unapungua ukiweka binlog_row_image=MINIMAL, ambayo huandika safu zinazohitajika tu. Lakini kufuli linakulinda kwenye namba tu. Weka UUID(), ambayo hutoa thamani mpya kila ikiitwa, ndani ya amri hiyo hiyo uone nakala itakavyotofautiana. Na binlog_format yenyewe imeshatangazwa kuwa ya kuondolewa tangu 8.0.34.

Mchangiaji mwingine:
Wanaotaka namba zisizorukwa je?

Mleta mada:
Hakuna hali inayowapa hilo. Muamala ukirudishwa nyuma, namba zake zimeshapotea.

Mchangiaji mwingine:
Sisi wa MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, bado tunaipata 1, na logi MIXED, inayochanganya STATEMENT na ROW.

Mleta mada:
Mkiingia Galera, mfumo wa kuunganisha seva kadhaa ziwe kundi moja, mtatakiwa kuweka 2 na ROW, zote mbili. Ndivyo nilivyotamani MySQL nayo idai: ikikuta 2 na STATEMENT pamoja, ikatae kuwaka. Nani anapinga hilo, na kwa nini?