Apraksia "kali": mtoto aanze PP1 na wenzake au apelekwe kitengo maalum?

Mama wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Kwenye kikao cha wazazi hapa Lamu lilitoka pendekezo kwamba mtoto aliyeandikiwa "apraksia ya usemi, kiwango kikali" asianze PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na wenzake, aende kitengo maalum cha watoto wenye ulemavu, hata kama ni kuvuka maji kila asubuhi. Mimi napinga.

Maradhi yenyewe kwanza. Misuli ya mdomo haina udhaifu. Tatizo liko kwenye ubongo, katika kupanga mwendo wa taya, midomo na ulimi ili neno litoke. Mtoto aweza kuelewa vizuri unayomwambia, lakini mwambie aseme "samaki", atasema "mati", mkirudia "taki", mara ya tatu "baki", na midomo inahangaika kutafuta pa kuanzia. Halafu akikimbizana na nduguye utasikia "Ngoja!" safi kabisa. Chama cha wataalamu wa usemi cha Marekani kilitaja dalili tatu mwaka 2007: makosa yanayobadilikabadilika neno lile lile likirudiwa, kuvutika au kukatika baina ya sauti na silabi, na mkazo usiokaa mahali pake.

Ama huo ukali, hauna mizani moja iliyokubaliwa na wote. Mtaalamu huangalia mtoto ana sauti ngapi, irabu zake zimeharibika kiasi gani, anaunganisha silabi ngapi, na mtu asiyemzoea anamwelewa vipi. Mwenye hafifu hukwama kwenye maneno marefu na sentensi. Mwenye kali huenda ana maneno ya kuhesabika, au irabu tupu. Faida kubwa ya kujua hayo ni kupanga tiba: mwenye kali hushauriwa vikao vya mara 3 hadi 5 kwa wiki, yeye peke yake na mtaalamu. Akili yake haikupimwa hapo. Vipi basi karatasi hiyo imchagulie darasa?

Mwalimu wa PP1
Waaleikum salaam, Mama. Mimi naunga mkono pendekezo, na si kwa kumchukia mtoto wa mtu. Darasani niko peke yangu. Nimekuwa na mtoto aliyekuwa akitaka kwenda msalani, hawezi kusema, akanivuta nguo huku mimi nimeshika mwengine anayelia. Akajikojolea mbele ya wenzake, na siku ya pili akakataa kuja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, lakini kinaongeza: kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Maslahi yake yako wapi hapo?

Ustadh, Mkomani
Chuoni kwangu, wanaposoma Kurani, ninaye mmoja kama huyo. Nikimsimamisha peke yake hatoi kitu. Tukisoma wote kwa sauti moja, anafuata, na sehemu nyingine namsikia vizuri. Akitengwa atafuatana na nani?

Baba wa Shela
Mimi nauliza jengine: hicho kiwango kilipimwa lini, na kwa lugha gani? Binti yangu alipimwa Mombasa kabla hajatimiza miaka 3, umri ambao wataalamu wengi husita hata kuthibitisha kwamba ni apraksia. Alionyeshwa picha, akatakiwa kusema maneno ya Kiingereza ya silabi moja moja. Akaandikiwa "hafifu". Nyumbani tunasema Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Huku mtoto lazima aunganishe silabi tatu, nne, ndipo aseme "nipeleke" au "sitaki chakula", na hapo ndipo anaposambaratika. Tukaiamini karatasi, tukapunguza vikao. Kwa hivyo Mwalimu, hata hao mnaowaita wakali, mimi siamini karatasi hiyo peke yake.

Bi Mkubwa wa Pate
Mjukuu wangu naambiwa akatwe kilimi, maneno yatafunguka. Ni kweli?

Mama wa Langoni
Hapana Bi, tafadhali usikubali. Kisu hakifiki penye tatizo, utamtia mtoto maumivu na hatari ya bure.

Mwalimu, la msalani limeniuma, nawe una haki. Lakini mtoto yule alihitaji kibao cha picha shingoni: msala, maji, naumwa. Wazazi wengi huogopa kwamba picha na ishara zitamfanya asiseme tena, na wataalamu wanasema hazimzuii. Picha hizo angezihitaji hata huko kitengo maalum. Na kama huko nako hakuna mtaalamu wa matamshi, tumemvusha maji kwa faida gani?

Ninalotaka tulidai pamoja: karatasi iandikwe tarehe, umri na lugha ya kipimo, na mtoto apimwe upya kabla ya kila mwaka wa shule, maana kali ya leo kwa tiba yaweza kushuka. Je, Mwalimu, ukipewa msaidizi, utampokea?

Mwalimu wa PP1
Nikipewa msaidizi na picha, nampokea kesho. Msaidizi asipokuja, bado nasimama niliposimama.