Boti ya tanga ya marehemu baba imekwama kwenye mawe huko mbele ya Ikombe, niitengeneze au tuvunje mbao? Naombeni ushauri

Mwana wa Matema:
Wakuu habari za jioni, niko Mbeya mjini ila nyumbani ni Matema, Kyela. Marehemu baba alikuwa na boti ya mbao ya tanga, futi 24, anabebea vyungu vya Wakisi toka Ikombe kuleta sokoni Lyulilo. Mwaka juzi upepo wa mwera ulikata kamba usiku ukaitupa kwenye mawe, kule milima ya Livingstone inapoingia Ziwa Nyasa moja kwa moja, barabara hakuna, ni mtumbwi au miguu yako. Juzi nimeenda kuiona. Imelalia ubavu, mchanga umejaa mpaka kwenye vikalio, mbao tatu zimetoboka, mlingoti umekatika. Nikasugua tope pale mbele nikakuta jina la mama alilolichora baba kwa rangi ya bluu bado linasomeka, nikakaa hapo mpaka jua linazama. Kaka zangu wanasema tuvunje tuuze mbao, na fundi mmoja wa mjini kataka laki nane hata hajaiona.

Fundi Kalafati:
Pole sana mkuu. Usiivute kabla hujatoa mchanga wote, ukivuta na ule uzito mkuku, ule mti mkuu wa chini, unakatika hapohapo. Ukishatoa chukua kisu chembamba uchome mkuku na mataruma (mbavu za boti) yote, hasa misumari ilipopita, kikizama kama kwenye ndizi mbivu hapo pameoza, kikigoma basi boti unayo. Mbao tatu zinabadilishwa tu. Nyasa maji hayana chumvi, wale wadudu wanaotoboa majahazi baharini huku hawapo, adui yako ni kuoza maana mvua ya Kyela unaijua mwenyewe.

Mvuvi wa Nyasa:
Saa hizi mwera bado unapiga, tulia. Maji ya ziwa yanashuka mpaka Novemba halafu yanapanda mpaka Mei, kwa hiyo tengenezea hukohuko Septemba mpaka Novemba boti ikiwa pakavu, mvua zikikolea maji yataifuata yenyewe. Ili ielee, funga mapipa matupu ya lita 200, matano kila upande, pipa moja linanyanyua kama kilo 180. Na anza kwa mwenyekiti wa kijiji, usije ukaonekana mwizi wa mbao.

Dada Tukuyu:
Laki nane bila kuiona?? Achana naye huyo. Ila kaka, ukitaka kupakia watu tena, wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC waione kwanza.

Mwana wa Matema:
Jamani nimerudi, jana nimeenda na mdogo wangu tumetoa mchanga kwa sufuria kutwa nzima. Kisu kimegoma mkuku wote isipokuwa nyuma karibu na usukani, kama urefu wa mkono hivi, kimezama chote. Fundi, hapo panaungwa?

Fundi Kalafati:
Panaungwa kabisa. Kata mshazari, usiunge kichwa kwa kichwa, mkuku ukiwa unene wa inchi 4 urefu wa kiungo uwe inchi 32. Misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Ukimaliza kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, izamishe maji ya kina kifupi siku mbili mbao zivimbe, itavuja mwanzoni usiogope.

Mwana wa Matema:
Ndaga fijo, asante sana mkuu. Kesho naenda kutafuta mti wa mkuku, na kaka mkubwa kasema atachangia misumari.