Katekista anasema Brian na Sharon si majina ya watakatifu. Nifanyeje?

MamaPacha_Umoja: Hamjambo wanajukwaa. Pacha wangu wanabatizwa mwezi ujao hapa Nairobi. Vyeti vya kuzaliwa vinasema Brian Opiyo na Sharon Adongo. Jumamosi kwenye mafundisho ya wazazi na wasimamizi, katekista alipitia fomu na kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya Brian na Sharon. "Hawa ni watakatifu wa wapi?" Kevin wa jirani akapita bila neno! Baba yao amekataa katakata kuongeza jina lingine. Mama mkwe yuko upande wa katekista. Nishaurini.

Mzee_wa_Jumuiya: Mama pacha, tulia. Sheria ya Kanisa inayotumika sasa, ya 1983, kanuni ya 855, haidai jina la mtakatifu. Inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Ile ya 1917 ndiyo iliyokuwa kali: wazazi wakigoma, paroko aliongeza jina la mtakatifu mwenyewe na kuandika yote mawili kitabuni. Nadhani katekista wako bado yuko huko. Muone paroko, kwa upole.

Kevo_wa_Kayole: Sisi kina Kevin tuna abate wetu wa Glendalough, Ireland. Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni, siku ileile ya Wafiadini wa Uganda, kwa hiyo hakuna anayetukumbuka, watu wote wako Namugongo. Dennis, Edwin na Eric pia wanao wa kwao.

Nyaboke_K: Brian naye hajakosa kabisa. Yuko Mwenye Heri Brian Lacey, mlei Mwingereza aliyenyongwa Tyburn, London, mwaka 1591 kwa ajili ya imani. Alitangazwa mwenye heri 1929. Bado hajafika utakatifu, lakini katekista atakosa la kusema. Sharon ndiye mgumu: kwenye Biblia ni uwanda, si mtu. Faith anaye shahidi wa Agen, Ufaransa, tarehe 6 Oktoba.

Jakom_Tom: Mnahangaika na Brian, mbona Opiyo na Adongo hayahesabiki? Kizito lilikuwa jina la Kiganda tu, mpaka yule kijana alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Bakhita alipewa jina hilo na waliomteka utumwani, na Roma ikamtangaza mtakatifu nalo mwaka 2000. Leo mtoto akiitwa Bakhita hakuna fomu inayopigwa mstari. Mimi ningeacha yalivyo.

MamaPacha_Umoja: Asanteni sana. Je, nikiongeza jina kwenye cheti cha ubatizo pekee, ili amani irudi nyumbani?

Mzee_wa_Jumuiya: Unaweza, ila fikiria mbele. Siku ya kufunga ndoa ataombwa cheti hicho, na majina yasipolingana na kitambulisho mtaanza kuzungushwa. Afadhali Sharon abatizwe hivyo hivyo, jina la mtakatifu alichague mwenyewe wakati wa kipaimara.

MamaPacha_Umoja: Baba yao amekubali hilo la kipaimara. Mama mkwe pia amekubali, ila ameshamchagulia: Perpetua.

Kevo_wa_Kayole: Pole Sharon 😂