Msaada: Kituo kikuu cha TV kibaki na kazi zipi, na vituo vya kanda vipewe zipi?

Mpangaji_TV

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa mtandao wa televisheni wenye kituo kikuu kimoja na vituo vinne vya kanda. Kila kanda itakuwa na taarifa yake ya habari ya nusu saa jioni na nafasi za kuuza matangazo ya biashara yake. Saa nyingine zote itapokea vipindi kutoka kituo kikuu kwa satelaiti. Menejimenti inataka kila kitu kiendeshwe kutoka makao makuu, kanda zibaki na mnara, mtambo wa kurushia na mafundi wawili tu. Watu wa kanda wamekataa katakata. Mpaka wa kazi upite wapi?

BiRatiba

Mkuu, anza na mkataba, mitambo ifuate. Nguvu ya kituo kikuu inategemea nani anamiliki vituo vingine. Kule Marekani, WNBC, WCBS-TV na WABC-TV, vyote vya New York, ni mali ya mitandao yenyewe (NBC, CBS na ABC). Lakini vituo vingi vinavyobeba vipindi vya mitandao hiyo vina wamiliki wengine, na sheria inavipa haki ya kukataa kipindi wanachoona hakifai kwa watazamaji wao, au kuweka mahali pake chenye umuhimu zaidi kwa eneo lao. Ujerumani wana mfumo mwingine kabisa: ARD ni muungano wa mashirika ya majimbo yanayochangia vipindi, na habari za Tagesschau zinaandaliwa Hamburg, kwenye shirika la NDR. Kwa hiyo si lazima kila kazi kubwa ikae chini ya paa moja.

Kisichogawiwa ni ratiba ya pamoja. Lazima awepo mtu mmoja mwenye neno la mwisho kuhusu kipindi gani kinaanza saa ngapi, kwa sekunde. Kwenye mkataba andikeni saa ambazo kanda inarusha vipindi vyake, urefu wa kila dirisha la matangazo (nafasi ambayo kanda inaweka matangazo yake), na nani ana mamlaka ya kukatiza vipindi kwa habari ya dharura. Hilo la mwisho likiachwa wazi, siku ya dharura mafundi watabaki wanasubiriana.

FundiMawimbi

Mimi niseme kuhusu madirisha ya matangazo, maana ndipo mitandao mingi inapoaibikia hewani.

Kituo kikuu hakitakiwi kuacha skrini nyeusi kwenye dirisha la kanda. Kijaze dirisha lote, tuseme dakika 2 kamili, kwa vionjo vya vipindi vijavyo. Kanda yenye matangazo inafunika vionjo hivyo kwa matangazo yake. Isiyo na tangazo inaviacha vipite, na mtazamaji hagundui kitu. Kanda ikiweka matangazo ya dakika 1 na sekunde 58, mwishoni kitachomoza kipande cha kionjo. Ikiweka dakika 2 na sekunde 2, inakula mwanzo wa kipindi. Mfumo wa ratiba wa kanda ukatae kabisa orodha isiyojaza dirisha barabara.

Kukata kufanywe kwa ishara za SCTE 35 (kiwango cha alama zinazoiambia mashine wapi pa kukatia) zinazosafiri ndani ya mlisho, yaani picha na sauti zinazotoka kituo kikuu, kamwe kusifuate saa ya ukutani. Ishara itangulie sehemu ya kukatia kwa sekunde 4 au zaidi, ili mashine ya kanda ipate muda wa kujiandaa. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, enkoda (mashine inayobana picha kabla ya kutumwa) inachelewesha picha kwa sekunde moja au mbili ila ishara haicheleweshwi sawasawa nayo, hivyo kanda zote zinakata mapema. Ukiona kosa lina ukubwa uleule kila mara na kila kanda, kagua enkoda ya kituo kikuu, usihangaike na kanda. La pili, kama kanda inaunganisha mikondo ya picha ikiwa bado imebanwa, bila kuifungua, enkoda lazima iweke fremu inayojitegemea (picha kamili isiyotegemea zilizotangulia) palepale pa kukatia. Isipoweka, picha inavunjika vipande kwa muda mfupi kila matangazo yanapoanza.

Sauti nayo isisahaulike. Chagueni kiwango kimoja cha ukubwa wa sauti, mfano LUFS -23 cha EBU R128 (mwongozo wa watangazaji wa Ulaya), na kila tangazo la kanda lipimwe kabla ya kuingia kwenye seva. Tangazo linalopiga kelele kuliko kipindi, lawama zake zinakwenda kwa mtandao mzima.

Mnara_Mrefu

Kabla hujanunua chochote uliza hivi: mitambo ya kurushia itatumia masafa mamoja kwa pamoja? Katika mtandao wa masafa mamoja, mitambo yote inatakiwa irushe data ileile kwa wakati uleule, ikilinganishwa kwa saa ya GPS. Huwezi kuchomeka tangazo kwenye mtambo mmoja peke yake. Utaharibu mapokezi kote ambako mawimbi yake yanapishana na ya wenzake. Basi mipaka ya masafa ifuate mipaka ya kanda za matangazo, na kila kanda iwe na kifaa chake cha kuandaa mkondo wa DVB-T2 (kiwango cha televisheni ya dijitali ya minara) kabla haujaenda minarani. Ramani ya masafa ikishapitishwa, kuibadilisha ni kazi kubwa.

Kuhusu satelaiti: kuna bendi mbili za masafa. Bendi ya Ku inatumia dishi dogo lakini mvua kubwa inaikata, bendi ya C inahimili mvua zaidi ila dishi lake ni kubwa. Zote mbili hupata usumbufu wa jua kwa dakika chache kwa siku, siku kadhaa mfululizo, karibu na Machi na Septemba, jua linapopita nyuma ya satelaiti. Ratiba yake hukokotolewa mapema, kwa hiyo pangeni njia ya pili ya faiba au intaneti kwa dakika hizo.

KandaKwanza

Hapo ndipo napingana na menejimenti. Kanda isiyo na seva yake, mlisho ukikatika, inabaki na mnara unaorusha giza. Ipeni kanda seva yenye vipindi vya akiba vya saa kadhaa, nembo, na swichi inayojigeuza yenyewe picha ikiganda na sauti ikipotea kwa sekunde 10 hivi. Tahadhari: ubao wa matokeo uliotulia, au ukimya wakati picha inatembea, unaweza kuidanganya swichi inayopima kimoja tu, kwa hiyo ipime picha na sauti kwa pamoja. Ratiba iendelee kuandikwa makao makuu, faili zisukumwe kanda usiku, matangazo yarushwe kutoka kanda. Mafundi wawili wanatosha kwa mpango huo kama kuna wa zamu. Hawatoshi siku ya habari za moja kwa moja.

Mpangaji_TV

Asanteni sana. Swali moja limebaki: mtangazaji wa makao makuu akizungumza na mwandishi wa kanda moja kwa moja, ule ukimya katikati tunaupunguzaje?

FundiMawimbi

Satelaiti iliyo juu kwa kilomita karibu 36,000 inakula kama robo sekunde kwa safari moja, enkoda na dekoda (mashine inayofungua picha upande wa kupokea) zinaongeza zake. Picha ya mwandishi iacheni ipande satelaiti kama kawaida, lakini sauti ya makao makuu mpelekeeni sikioni kwa simu au faiba, isisubiri mlisho. Sauti hiyo itolewe ile ya mwandishi mwenyewe. Akijisikia amechelewa atakwama katikati ya sentensi. Na kwenye chumba chake televisheni izimwe sauti kabisa, maana kipaza sauti chake kitaidaka.