Vuli ikikataa: tupeane uzoefu, mlipanda nini na mlivukaje?

Wakuu, salaam. Niko Same, tambarare. Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, ila kuanzia 2020 mpaka 2022 tuliingoja kama mgeni asiyefika. Wataalamu walisema ni La Niña (bahari ya Pasifiki ikipoa, mvua yetu ya vuli inapungua), miaka mitatu mfululizo. Ya 2021 siisahau: Novemba ilinyesha siku mbili, mvua ya kudanganya, nikamwaga mbegu ekari tatu. Mahindi yakachomoza vizuri, halafu jua, wiki tatu kavu. Nikarudia kwa mbegu ya kukopa, nayo ikaungua. (Wenzetu wa Simanjiro waliumia zaidi, ng'ombe walilala wasiamke.)

Lakini nililima mahindi matupu, hilo kosa ni langu. Ngwara (jamii ya maharage, inavumilia ukame) niliyotupia mpakani bila hesabu ndiyo tuliyokula. Nyie mlifanyaje? Tajeni na mahali, udongo haufanani.

Mpare wa juu: Huku milimani tunaishi kwa ndiva, yaani bwawa letu la asili la kumwagilia. Maji ya kijito yanakusanyika usiku, asubuhi inafunguliwa, mnamwagilia kwa zamu. Mwaka ule kijito kilibaki uzi, zamu zikarefuka, watu wakaanza kuiba maji. Nilimkuta shemeji yangu mtaroni saa nane usiku, tochi mdomoni, anageuza maji yaje kwake. Hatukusalimiana mpaka Pasaka.

Wa Kitui: Kwetu Ukambani, Kenya, mvua ya Oktoba ndiyo ya kutegemea, ya Machi ni bahati tu. Tulikosa misimu mitano mfululizo. Mahindi niliyaacha, nikaweka ndengu na mtama. Ndengu miezi miwili na kidogo unavuna, hata mvua ikikatika mapema hukosi debe. Mtama shida yake ndege: watoto walishinda shambani wakipiga mabati, hadi mwalimu akaniita. Maji ya kunywa tulifukua mchangani mtoni, penye bwawa la mchanga (ukuta unaozuia mchanga, maji yanabaki ndani yake).

Mfugaji mdogo: Niliposikia redioni mvua itakuwa chini ya wastani, niliuza mbuzi Oktoba hiyohiyo, nikanunua mahindi magunia manne. Mke wangu alinuna. Januari alinunua kufuli la stoo.

Mleta mada: 😂 Kufuli! Wa Kitui, ndengu zenu ndiyo choroko? Maana huku dengu ni kitu kingine kabisa. Na hao ndege wa mtama, kwelea kwelea, mnawafukuza saa ngapi, alfajiri au jioni?