Klachi ya 4x4 inateleza, nataka kuibadilisha mwenyewe nyumbani

Tope Zito:
Wakuu, habari zenu. Nina 4x4 ya dizeli, gia za mkono, imetembea kilomita 210,000 na klachi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Juzi napanda mlima na trela nyuma, nikakanyaga mafuta, injini ikapaa, mwendo ukabaki uleule, halafu ikaja harufu kali ya kuungua. Pedali inashika juu kabisa, karibu mwisho. Jana nimevuta hendibreki, nikaweka gia ya tatu, nikaachia klachi taratibu. Nilitegemea injini izime, ikaendelea kuunguruma tu.

Nina jeki ya kawaida, stendi nne, soketi za kutosha na mdogo wangu wa kunisaidia. Breki na shokapu nimeshabadilisha, ila giaboksi sijawahi kushusha. Hii kazi naiweza uani?

Mama Spana:
Pole mkuu. Klachi imekwisha, na hilo jaribio usilirudie, unaichoma bure flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi inabana.

Kazi unaiweza, cha kuogopa ni uzito. Giaboksi ya 4x4 inashuka na transfa kesi (sanduku la kugawa nguvu mbele na nyuma) mgongoni, unapita kirahisi kilo 70, na mkia ndio mzito. Kwenye jeki ya kawaida itapinduka. Azima jeki ya giaboksi, ile yenye sahani pana na mnyororo wa kufungia. Stendi ziweke kwenye chesisi, sakafu ngumu, na utikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini.

Chomoa waya hasi wa betri. Propela zote mbili, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zipige alama ya rangi kwenye flanji ili zirudi zilivyokuwa. Silinda ndogo ya klachi ifungue ikiwa bado na bomba lake, ifunge pembeni kwa waya, na mtu yeyote asikanyage pedali, pistoni itaruka nje.

Sasa nisikilize hapa. Mara yangu ya kwanza niliona unyevu mweusi chini ya flaiwili, mwembamba kama jasho. Nikaufuta kwa kitambaa, nikafunga klachi mpya. Miezi miwili baadaye gari likaanza kutetemeka kila nikiondoka. Nikashusha kila kitu upya, nikakuta pleti, ile diski ya klachi yenyewe, bado nene, haijalika hata kidogo, lakini imelowa oili hadi kwenye ribiti, zile pini zinazoshikilia utando wake. Haisafishiki ile, nikaitupa. Ilikuwa sili ya nyuma ya injini, kipira chepesi tu, na ili ukifikie lazima giaboksi iwe chini. Kwa hiyo ukishafika pale, badilisha pleti, presha pleti (kile kifuniko chenye springi kinachoibana), beringi ya klachi, beringi ndogo ya katikati kama ipo, na sili hiyo. Usiache kimoja eti bado kizima.

Tope Zito:
Asante sana dada, nimekuelewa. Wakati wa kurudisha, nitajuaje pleti iko katikati?

Chuma Baridi:
Tumia kile kijiti cha kulengea, klachi nyingi mpya huja nacho. Kiingize, kaza boliti za presha pleti kidogokidogo kwa kukingamana, ndipo ukitoe. Mara nyingi upande wa pleti wenye kitovu kilichotokeza ndio unaotazama giaboksi, lakini soma maandishi yaliyopo juu yake. Giaboksi isipoingia hadi mwisho, usiivute kwa boliti. Zungusha shafti kidogo, nyanyua mkia, itaingia yenyewe. Na usiiachie ining'inie kwenye pleti hata dakika moja, utapinda kitovu.

Mama Spana:
Naongeza vumbi. Usilipulize kwa upepo wa kompresa, pleti za zamani zilikuwa na asbesto na inaua mapafu. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa kibichi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu, ikizidi inarukia pleti.

Tope Zito:
Tumeshusha leo, imetuchukua saa sita nzima. Pleti imeisha hadi vichwa vya ribiti vimechora duara kwenye flaiwili, na pana mabaka ya bluu. Hakuna nyufa. Nimepitisha kidole chini ya sili, kimetoka cheusi. Flaiwili inakwenda kuchongwa kesho, na sili nimeshaagiza.

Mama Spana:
Hapo sawa kabisa. Kabla ya kuigonga sili mpya, pima ya zamani imekaa kina gani, nayo ikae hapohapo. Ukimaliza, kilomita 800 za mwanzo endesha taratibu, na trela ibaki nyumbani.